Usiondoke Kabla Jina Lako Halijaitwa

Marvella Tidwell alikuwa mpishi katika shule ya msingi mjini Toledo, jimbo la Ohio. Kila asubuhi saa kumi na mbili alifika jikoni, akafunga kitambaa kichwani, akawasha majiko. Mchana watoto walikula. Masufuria yakishaoshwa, alirudi nyumbani kwa miguu. Shule haikuwa mbali, na hilo lilimfaa sana, kwa sababu gari lao walikwisha kuliuza.

Nyumbani alimkuta mumewe, Leland, kwenye kiti cha dirishani, mpira wa hewa puani. Leland alifanya kazi katika kiwanda cha vioo tangu ujana wake. Vumbi la kiwandani likamharibia mapafu. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine iliyonguruma pembeni mwa kiti kutwa kucha.

"Umekula?" Marvella alimwuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Hewa. Si ndiyo unayonilipia umeme?"

"We mzee, ipo siku nitaichomoa hiyo mashine, tuone kama utaendelea kunitania."

"Chomoa tu. Urithi wangu ni soksi."

Ndivyo walivyoishi, mwaka hadi mwaka, katika nyumba ndogo ya mbao yenye rangi ya kijani iliyobabuka. Nyuma palikuwa na bustani ambako Leland alipanda sukuma na nyanya. Nyumba haikuwa yao. Walipanga. Mwenye nyumba aliitwa mzee Kubiak, na aliishi mtaa wa pili. Kila mwezi alikuja mwenyewe kuchukua kodi. Alikaa jikoni, akanywa kahawa, akalalamikia magoti yake. Bomba likivuja alilitengeneza kwa mkono wake, tena vibaya. Mkataba wao wa maandishi ulikwisha muda zamani sana. Hakuna aliyekumbuka kuandika mwingine. Wa nini? Walijuana.

Basi mzee Kubiak akafa. Watoto wake walikuwa Texas. Walikuja kuzika, wakarudi zao, na kabla ya maua kukauka kaburini nyumba zake zote zilikuwa zimeuzwa kwa mpigo. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Arizona. Arizona! Huko ni mbali, watu hupanda ndege. Hakuna hata mtu mmoja wa kampuni hiyo aliyekuja kutazama bomba, sembuse kunywa kahawa. Kodi ikawa inalipwa kwa simu. Marvella aliipanga simu ilipe yenyewe kila tarehe mosi, ili asije akasahau.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, kampuni ikatoa taarifa. Kodi inapanda. Tena haikupanda kwa adabu. Ilikuwa dola mia saba, ikawa elfu moja na hamsini.

Marvella alisoma, akakaa chini, akasoma tena. Akapiga simu kwa kampuni. Sauti ya mashine ikamwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, asante kwa uvumilivu wako. Kisha ukapigwa muziki mpaka wali ukaungua jikoni. Mtu hakutokea.

"Lipa ile ile," alisema Leland. "Mimi na Kubiak tulikubaliana mia saba."

"Kubiak amekufa, Leland."

"Yeye amekufa. Makubaliano hayajafa."

Hapo ndipo walipokosea kwa mara ya kwanza. Hawakumwuliza mtu yeyote. Waliiacha simu iendelee kulipa mia saba, wakanyamaza, wakatumaini kampuni nayo itanyamaza.

Kampuni haikunyamaza. Mwezi wa kumi, Marvella alirudi kutoka kazini akakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa utepe wa gundi. Siku tatu za kuondoka, ilisema. Aliibandua haraka kabla majirani hawajaiona, akaisukumiza ndani ya droo ya vijiko. Baadaye kidogo ukaja wito wa mahakama. Wafike mahakamani siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi na moja.

"Hatufiki," alisema Leland.

"Wametuita."

"Waite mpaka wachoke. Tutaondoka kabla ya Alhamisi. Tukishaondoka, watamshtaki nani? Ukuta?"

Leland hakuwa mjinga. Alisema jambo ambalo watu wengi wa mtaa ule wangesema. Kwao kuna desturi. Ukitakiwa kuondoka, unaondoka kabla hujaondolewa. Unasugua nyumba mpaka inang'aa, unaacha funguo juu ya meza, unatoka kichwa juu. Mama yake Leland aliondoka hivyo katika nyumba mbili. Wajomba zake vilevile. Huo ndio uungwana waliofundishwa. Kusimama mbele ya hakimu kwa sababu ya kodi, kwao, ilikuwa aibu ya watu wasio na malezi.

Jumatatu Marvella aliomba ruhusa kazini, akaanza kusugua. Alipiga magoti mbele ya oveni ya watu, akaikwangua masizi ya miaka. Alipangusa ndani ya makabati. Alifuta hata madirisha, na nje kulikuwa kunanyesha mvua ya baridi. Walikuwa wamepata chumba katika gesti moja kando ya barabara kuu, ya kulipia kwa wiki. Kilikuwa na kitanda kimoja na zulia lililonuka sigara. Mwenye gesti alipoambiwa kuhusu mashine ya Leland alisema, "Mashine ya umeme? Hiyo mtalipa zaidi." Marvella alilifikiria hilo huku anasugua, na machozi yakamtoka yakachanganyika na sabuni.

Godoro walilitoa kibarazani, maana gari la binamu yao lingekuja Jumatano. Na godoro hilo ndilo lililowaponza, au tuseme ndilo lililowaokoa, kwa sababu Patrice Saba aliliona.

Patrice alikaa nyumba ya mkabala. Wazee wake walitoka Lebanon, lakini yeye alizaliwa Toledo na mdomo wake ulikuwa wa Toledo kabisa. Alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, ile ambayo watu hawailipi. Kila siku ya kesi za nyumba alikaa kwenye meza nje ya chumba cha mahakama, akiwaelekeza wapangaji. Marvella alilijua hilo fika. Hakumwambia neno. Unamwambiaje jirani kwamba unafukuzwa? Na Leland ndiyo kabisa, hakutaka hata kumsikia, tangu mbwa wa Patrice alipofukua sukuma zake.

Patrice alipanda kibarazani bila kubisha hodi.

"Mnauza godoro?" aliuliza.

"Tunalipunga hewa," Marvella alijibu.

"Kwenye mvua?"

Marvella akalivuta godoro karibu na ukuta.

"Dada Marvella, nitazame. Mna karatasi ya mahakama?"

Kutoka ndani Leland akapaza sauti. "Mwambie arudi kwake akamfunge mbwa!"

"Mbwa amefungwa, mzee Leland! Wewe ndiye sijui nani atakufunga!" Patrice alimjibu, kisha akashusha sauti. "Kesi ni lini?"

"Alhamisi. Lakini tunaondoka Jumatano, Patrice. Tutaiacha nyumba safi. Hatutaki matata na mtu."

Patrice akakaa juu ya godoro lile lililolowa, akaweka mkono kichwani. "Yarabi. Na wewe tena. Wiki iliyopita nimewaona watano wa namna hii. Karatasi ziko wapi?"

Marvella aliona aibu, na aibu ikataka kugeuka hasira. Alitaka kumwambia Patrice ashike yake. Lakini magoti yalimuuma, mikono ilimwasha kwa dawa ya oveni, na alikuwa amechoka kujifanya hana shida. Akaenda akafungua droo ya vijiko.

Walikaa jikoni wote watatu. Leland alikuja akiburuta mpira wake wa hewa, akaketi pembeni amenuna.

Patrice aliishika ile karatasi ya kwanza, ya mlangoni. "Soma hapa, dada. Neno hili."

"'Unaombwa kuondoka,'" Marvella alisoma.

"Unaombwa. Haikuandikwa umeondolewa. Ohio hii, karatasi ya mwenye nyumba haimtoi mtu ndani. Ni ombi. Anayetoa mtu ni hakimu peke yake, baada ya kusikiliza kesi."

"Basi tumeombwa, tumekubali," alisema Leland. "Tunakwenda zetu. Kesi itakuwa imekwisha."

"Ingekuwa mmeondoka kabla hawajafungua kesi, sawa. Lakini wamekwisha kuifungua. Kesi si mgeni, mzee wangu, kwamba akibisha hodi akakuta hamna mtu atajiondokea. Alhamisi jina lako litaitwa. Hutaitika. Wakili wa kampuni atasema maneno mawili. Hakimu ataandika kwamba umeshindwa. Unaweza kuwa umeiacha nyumba inang'aa mpaka mtu anajiona usoni, hakuna atakayemwambia hakimu."

"Ataandika, halafu?" Marvella aliuliza.

"Halafu utatafuta nyumba nyingine. Zamani ungemwendea mtu kama Kubiak. Angekutazama, angeuliza mtaani, angekupa funguo. Siku hizi unajaza jina lako kwenye kompyuta, unalipa ada ya maombi, na kompyuta inatafuta kesi. Ikiikuta, inasema hapana. Haiulizi uliacha oveni katika hali gani. Na ile ada hurudishiwi. Unakwenda nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Ninao watu wamekaa gesti mwaka wa pili huu. Wanalipa huko fedha nyingi kuliko kodi, na hawatoki."

Mashine ya Leland ilisikika sebuleni. Marvella aliliona lile zulia la gesti, akamwona Leland amelala juu ya kitanda kile wakati wote wa baridi, na akaogopa kweli kweli. Kumbe walikuwa wanajifungia mlango wenyewe.

"Lakini kwa nini kodi imepanda hivi?" aliuliza. "Toledo ina nini? Watu wenyewe wanahama."

"Watu hawaongezeki, lakini na nyumba nazo haziongezeki. Za zamani zinaoza, zinabomolewa. Mpya zinajengwa za watu wenye hela. Zinazobaki za watu kama sisi wananunua wageni. Kwao nyumba moja ni bei ya nyumba sita za hapa, kwa hiyo wakiona bei zetu wanacheka. Wananunua mtaa mzima wakiwa wamekaa kitako. Kisha kampuni hii inatazama ile inatoza kiasi gani, nayo inapandisha. Ile ikiona hii imepandisha, inapandisha tena. Sisi tuko katikati."

"Na hiyo ni halali?" aliuliza Leland.

"Kupandisha? Kwenu ni halali, sikufichi. Hamkuwa na mkataba wa mwaka. Mlikuwa mwezi kwa mwezi. Kampuni ikitoa taarifa mapema inavyotakiwa, inaweza kupandisha. Wewe na Kubiak mlikubaliana kwa mdomo, mzee. Mdomo umezikwa."

Leland akageuza uso dirishani.

"Sasa niambieni," Patrice aliendelea. "Tangu karatasi hii ibandikwe mlangoni, mmewalipa chochote?"

Hapo Leland akalipuka. "Wametuibia! Tarehe mosi simu imelipa yenyewe, mia saba nzima, na wameichukua! Wananifukuza na huku wanakula hela yangu ya mwezi huu! Wezi wakubwa!"

Patrice alimkodolea macho. "Rudia. Wameipokea? Hawakuirudisha?"

"Hata senti."

"Una hakika, dada?"

Marvella akamwonyesha kwenye simu. Patrice alicheka mpaka akakohoa. "Usiwaite wezi, mzee Leland. Waombee maisha marefu. Sikilizeni. Mtu hawezi kukuambia toka, kisha akapokea kodi ya mwezi unaofuata. Akiipokea, ni kama amesema kaa. Ile karatasi ya mlangoni inakuwa imekufa, na kesi imesimama juu ya karatasi hiyo. Kampuni ina kompyuta inayofungua kesi, na ina kompyuta nyingine inayokusanya kodi. Hazisalimiani."

"Kwa hiyo tutashinda?" aliuliza Marvella.

"Siwaahidi. Mnaweza kushinda. Wakili wa bure nitawatafutia mimi. Lakini lazima mwepo. Wote wawili, maana majina ni mawili."

"Mimi siendi," alisema Leland.

Patrice hakubishana. Alisimama, akamgusa Marvella begani, akaondoka. Alijua mazungumzo yaliyobaki hayakuwa yake.

"Umesikia alivyosema," Marvella alianza.

"Nimesikia. Sitakwenda kuburuta mtungi wa hewa mbele ya watu niitwe mdaiwa. Baba yangu hakuwahi kuingia mahakamani."

"Baba yako hakuwahi kutafuta nyumba kwa kompyuta."

"Ni aibu, Marvella."

"Aibu?" Alipandisha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Aibu ni mimi kupigia magoti oveni ya watu wa Arizona, watu wasioijua hata sura yangu. Nimesugua siku nzima, Leland. Nani ataona? Nani atasema akina Tidwell walikuwa waungwana? Kubiak amekufa. Hakuna mtu! Unanipeleka gesti nikakutazame ukikohoa mpaka masika, ili mtu ambaye hayupo asituone vibaya?"

Leland aliyatazama masanduku yaliyopangwa mlangoni. Pumzi yake ilikuwa fupi. Alisema polepole, "Shati langu la bluu umeliweka sanduku gani?"

Alhamisi ilikuwa siku ya mawingu mazito. Patrice aliwachukua kwa gari lake. Leland alivaa shati la bluu na koti la kanisani, akavuta mtungi mdogo wa hewa wenye magurudumu. Nje ya chumba cha mahakama watu walijaa kwenye mabenchi. Walikuwapo vijana wenye watoto wachanga, na wazee wenye mifuko ya dawa. Marvella alimwona mama wa mtoto mmoja wa shuleni kwake. Macho yao yalikutana, na wote wawili wakatazama sakafu.

Wakili wa bure alikuwa mwanamume mrefu, jina lake Ostrander, na koti lake lilikuwa limemzidi mabega. Aliongea nao wamesimama ukutani. Alitazama simu ya Marvella, akauliza maswali machache, akasema, "Msiseme mengi. Mkiitwa, itikeni."

Wakaingia. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya uchovu. Wakili wa kampuni naye alikuwa mwanamke, mbele yake rundo la mafaili. Karani akaanza kuita.

"Rosalind Dubicki."

Hakuna aliyejibu.

"Rosalind Dubicki."

Watu walitazamana. Karani akafungua mlango, akaita kwa sauti kule nje, akarudi, akatikisa kichwa. Wakili wa kampuni akasema sentensi mbili bila hata kuinua macho. Hakimu akasema hukumu imetolewa, mpangaji aondoke. Karani akachukua faili jingine. Chai iliyomiminwa alipoanza kuitwa ingekuwa bado inafuka.

Leland alimwinamia Patrice. "Huyo mama amekwenda wapi?"

"Sijui," Patrice alinong'ona. "Pengine yuko nyumbani anafagia."

Marvella alihisi mkono wa mumewe unatafuta wake juu ya benchi. Ulikuwa wa baridi.

"Leland na Marvella Tidwell."

Leland akasimama. Alisimama haraka mno, pumzi ikamkatika, akalazimika kushika benchi la mbele. Chumba kizima kikamngoja. Marvella alisimama pembeni yake akiomba Mungu asianguke.

"Tupo," alisema Leland, kwa sauti ambayo Marvella hakuisikia tangu enzi za kiwandani. "Tupo hapa wote wawili."

Ostrander alizungumza. Alisema kampuni ilibandika notisi mwezi wa kumi, kisha ikapokea kodi ya mwezi wa kumi na moja. Hakimu akamgeukia wakili wa kampuni. "Ni kweli?" Yule wakili akapekua faili, akatazama simu yake, akapekua tena. Uso ukamwiva. "Inaonekana imepokelewa, mheshimiwa."

"Basi notisi hiyo haina nguvu," alisema hakimu. "Kesi imefutwa."

Marvella alifikiri watu watapiga makofi. Hakuna aliyepiga. Karani alikuwa amekwisha kuita jina lingine.

Huko nje wakili wa kampuni aliwafuata. Hakuwa na chuki, alikuwa na haraka tu. "Mteja wangu anaitaka nyumba," alimwambia Ostrander. "Nitaanza upya. Notisi nyingine, kesi nyingine."

"Itakula mwezi na zaidi," Ostrander alijibu. "Tusichoshane. Wape wazee hawa miezi miwili, kwa kodi ile ya zamani. Mnasahau lile deni la nyongeza. Wakitoka, mnapata nyumba bila kesi. Na sote wawili tunamwomba hakimu aifunge rekodi."

Wakabishana kidogo. Mwishowe mwanamke yule akakubali, wakaandika, wakatia saini, na hakimu akaiidhinisha siku ileile.

"Kufunga rekodi ni nini?" Marvella alimwuliza Patrice.

"Ni kuificha isionekane na kompyuta za wapangishaji. Hili watu hawalijui. Hata kesi uliyoshinda inabaki ikionekana kwamba ulishtakiwa, na wengine hawasomi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kushinda peke yake hakutoshi. Lazima uombe ifungwe, na hakimu akubali."

Leland alikuwa amekaa kwenye benchi akivuta pumzi. "Nieleze, wakili. Tumeshinda au tumeshindwa?"

Ostrander alikaa kando yake. "Kesi mmeshinda, mzee. Nyumba mmeipoteza."

Walirudi nyumbani, wakaliingiza godoro ndani. Lilikuwa bado bichi. Usingizi wa siku ile haukuwa mzuri, ila waliulala kwao.

Miezi miwili ile ilikuwa ya taabu. Baridi ilishika, theluji ikafunika bustani ya Leland. Kila alasiri Marvella alitafuta nyumba. Bei zilimtisha. Vyumba viwili vya chini ya ardhi, ukuta una ukungu, vilipangishwa kwa zaidi ya ile nyumba yao nzima. Mahali pengine walifika wakakuta watu saba wanangoja kuona sebule moja. Nyumba moja ilichukuliwa wakiwa bado mlangoni. Lakini hakuna aliyewakataa kwa sababu ya jina. Walishindwa bei tu, na mtu aliyeshindwa bei anaweza kujaribu tena kesho.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya walivuka mto hadi upande wa mashariki, kwa mjane mmoja wa Kihungari, bibi Ilona Bartha. Alikuwa na nyumba ya familia mbili. Yeye alikaa juu, alipangisha chini. Hakukuwa na ngazi za kumsumbua Leland. Kodi ilikuwa mia tisa. Marvella alikuwa amepiga hesabu hiyo usiku na mchana. Wangeweza, kama hawatanunua nyama kila wiki, na kama atapanda mabasi mawili kwenda kazini alfajiri.

Jambo moja Marvella alilishikilia. "Bibi Bartha, naomba mkataba wa maandishi. Wa mwaka mzima. Na iandikwe kwamba kodi haipandi mpaka mwaka uishe."

"Mimi sina tabia ya kupandisha pandisha," alisema bibi Bartha.

"Najua, mama. Aliyekuwa na nyumba yetu naye hakuwa na tabia hiyo. Akafa."

Bibi Bartha alimtazama, kisha akaguna. "Mpwa wangu atauandika."

Marvella aliusoma wote, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Pale asipoelewa alimpigia simu Patrice. Hakuona haya tena kuuliza. Alipiga picha madirisha, bomba na sakafu, ili ijulikane walikuta nyumba katika hali gani.

Mpwa alikuwa amekwisha kuyaingiza majina kwenye kompyuta. Hakukutokea kitu. Hata hivyo bibi Bartha alikuwa mtu wa zamani. Alivua miwani, akamtazama Leland usoni.

"Kompyuta ni kompyuta. Mimi nakuuliza wewe mwenyewe. Umewahi kufukuzwa nyumba na mahakama?"

Marvella alimgeukia Leland. Mumewe hajui kudanganya, hakujua hata siku za ujana, na wala hakujua kunyamaza. Leland alinyoosha mgongo. Mpira wa hewa ulisogea puani, akaurudisha mahali pake taratibu.

"Hapana, mama," alisema. "Walituita. Tukaitika."

Bibi Bartha akavaa miwani yake tena. Kisha akausukuma mkataba mbele yao pamoja na kalamu, na Leland akawa wa kwanza kuandika jina lake.